Ndiyo, Hapana na Gari Jekundu

Jumapili, 5 Oktoba

Nimeolewa! Naliandika tena nipate kulisoma: nimeolewa, mimi Kirra, na Lyle Neuendorf, fundi wa pampu za kumwagilia, mwanamume mwenye mikono mizuri kuliko wote hapa Gatton, Queensland. Daftari hili alininunulia yeye uwanja wa ndege wa Hobart, kule Tasmania, tukirudi fungate, kwa hiyo ukurasa wa kwanza ni haki yake.

Fungate yetu! Tulikuwa tumeagiza gari la kawaida la kukodi. Yule mama wa kaunta akasema yamekwisha, akatupa funguo za gari dogo jekundu la Kijerumani, lile la wenye nazo, bila kutuongezea kitu. Lyle alikuwa amesahau leseni yake nyumbani kwenye pikapu, basi nikaendesha mimi. Viti vya ngozi vinavyokupasha moto mgongo! Mlango unaojifunga taratibu kama mtu anayekubusu shavuni!

Lakini hayo yote si kitu. La maana ni kwamba ndani ya gari lile Lyle aliongea. Lyle, ambaye siku ya kunichumbia alininyoshea pete akasema "Haya." Aliniambia habari ya nyuki anaotaka kufuga. Aliniambia kuhusu mwalimu aliyempenda akiwa darasa la nne, jinsi alivyokuwa akimwandikia barua kisha anazitafuna asije akakamatwa. Aliniambia mama yake, marehemu Joyce, alikuwa akinusa mvua kabla haijaonekana. Akaimba! Kutoka Hobart hadi Strahan sikuwasha redio.

Tangu turudi tunapanda pikapu yake. Pikapu ina redio ya kriketi, mbwa katikati yetu, na kimya. Nimeamua. Tutanunua gari lile. Jipya, jekundu, letu.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwambia. Amesema, "Mm."

Jumamosi, 11 Oktoba

Tulikula jioni kwa Merv, baba mkwe wangu. (Hataki nimwite Baba. Anasema Baba alikuwa baba yake, na alikuwa mkali.) Kulikuwa na soseji, saladi ya viazi, na hotuba.

"Gari jipya?" alisema. "Mwanangu, gari jipya ukilitoa tu getini kwa wauzaji limeshakuwa kuukuu."

"Na mimi je, Merv? Nimetoka kanisani mwezi uliopita. Nimeshakuwa kuukuu?"

"Wewe hupigwi na mvua ya mawe." Akacheka mpaka akakohoa. "Sikia. Msimu wa radi ndio huu unaingia. Ngoja mawe yapige Toowoomba, yale magari yaliyopangwa uani kwao yabonyee kama ganda la chungwa. Hapo ndipo unakwenda, wanakupa kwa bei ya baiskeli. Mimi pikapu zangu zote nimezinunua hivyo."

"Sitaki gari lenye ndui."

"Ndui haizuii gari kutembea!"

Nikamgeukia mume wangu. "Mpenzi, wewe unasemaje?"

Akatafuna. Akameza. Akasema, "Ndiyo, hapana."

Kwa kawaida hilo kwetu ni jibu kamili. Neno la mwisho ndilo linalohesabika: "ndiyo, hapana" ni hapana ya upole, na "hapana, ndiyo" ni ndiyo ya mtu asiyetaka kuonekana ana haraka. Watoto wa chekechea wanalijua hilo. Lakini alikuwa akimjibu nani, mimi au baba yake? Hapana gari, au hapana kusubiri mawe? Nilimuuliza tukirudi nyumbani. Hakujibu. Alikuwa anaendesha.

Jumatatu, 13 Oktoba

Joto. Mawingu yalikuja saa tisa alasiri, yakatutazama, yakaenda zake Ipswich.

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumepanda Toowoomba kulijaribu! Nilivaa gauni la kijani la siku tuliyokutana, na Lyle alivaa kofia yake safi, ambayo ni ileile ya kila siku ila ameipiga vumbi.

Muuzaji ni kijana anaitwa Ruwan, ametoka Sri Lanka mwaka huu huu, ana tai na adabu. Alitufungulia mlango. Nikaiona ngozi, nikanusa ile harufu, macho yakajaa machozi. Nikamsukuma Lyle kwenye usukani: "Endesha wewe, mpenzi, ulisikie." Nikakaa pembeni yake, Ruwan nyuma, nikasubiri aanze kuongea.

Tulikwenda mpaka ukingo wa mlima, pale bonde lote linaonekana chini. Hakusema neno. Tukarudi. Hakusema neno. Tulipoingia getini akasema, "Breki nzuri."

Breki! Nusura nimpige na mkoba wangu. Baadaye nilijituliza. Ni kwa sababu Ruwan alikuwa amekaa nyuma. Nani anafungua moyo wake mbele ya mtu mwenye tai?

"Kaka, umelipenda?" Ruwan alimuuliza.

"Ndiyo, hapana, ni zuri."

Ruwan akatabasamu, akaandika kitu. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa hapa, sikujua angeandika nini.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kumbe karakana yote ya pampu inaamua pamoja nasi. Lyle amewauliza wote. Leo amerudi na maoni: halina spea. Linakunywa mafuta ya ghali tu. Kiti cha nyuma ni cha mtu asiye na miguu. Taa moja ikivunjika unasubiri meli kutoka Ulaya. Na kuna mzee mmoja pale, fundi wa valvu, ambaye anaona gari jekundu huvutia fahali.

"Na wewe unaonaje?" nilimuuliza. "Wewe, Lyle, si karakana."

"Nafikiria bado."

Alisema hivyo kwa macho yale ya kijivu, na nywele zake zina mchanga, nikashindwa kumkasirikia mpaka alipotoka chumbani. Halafu nikamkasirikia sana.

Jumapili, 26 Oktoba

Merv alitupeleka kanisani na gari lake. Kina Neuendorf ndani ya gari ni kama wamo kwenye jeneza. Baba mbele, macho barabarani. Mwana pembeni yake, macho barabarani. Mimi nyuma nikajisikia nikisema "Loo, tazama wale ng'ombe," na hakuna aliyetazama.

Jumapili, 2 Novemba

Tumegombana kwa mara ya kwanza. Nilidhani ugomvi wa kwanza wa ndoa ungekuwa na machozi, kisha kukumbatiana, kisha maua. Kwetu ulikuwa juu ya sinki.

Nilimwambia: "Jibu moja. Tunanunua, hatununui?"

"Kirra, lile lako la Nan bado linakwenda."

Anazungumzia Korola ya bibi yangu, Nan Dot, ambayo ina umri kunishinda mimi. Dirisha moja linashuka kwa kusukumwa na kiganja.

"Sikukuuliza kuhusu la Nan. Nimekuuliza kuhusu lile jekundu."

Akakausha sahani ileile mara nyingi mno. Halafu akasema, "Ndiyo, hapana, ndiyo."

"Hayo ni matatu!"

"Najua."

"Hayahesabiki matatu, Lyle! Hakuna mtu Queensland nzima anayejua maana ya matatu!"

Akatundika taulo akaenda kumlisha mbwa. Mbwa nilimsikia akisemeshwa.

Yeye hajui kwa nini nalitaka. Anadhani nataka ngozi. Ningemwambiaje? "Nataka gari la bei kubwa kwa sababu humo ndani ndimo ninamomjua mume wangu"? Nilijaribu kulisema mbele ya kioo cha bafuni, nikaona haya peke yangu.

Jumanne, 4 Novemba

Siku ya mbio za farasi za Melbourne. Kazini kwangu, kliniki ya mifugo, tulivaa kofia, nikachezesha bahati nasibu kwenye kaunta ya mapokezi, nikapata farasi aliyefika mwisho. Sitashangaa na kitu tena.

Jumatano, 5 Novemba

Radi upande wa Laidley. Umeme ulikatika kidogo. Pikapu imo bandani kavu, Korola yangu iko nje ikiloa. Banda ni la gari moja na pikapu ndiyo iliyotangulia kuolewa.

Jumatano, 12 Novemba

MUNGU WANGU.

Ruwan amenipigia kazini. "Dada, hongera! Nimeongea na kaka, amesema nimshikie lile jekundu. Njooni kusaini Ijumaa ya tarehe ishirini na nane."

Nililia mbele ya mteja mwenye kasuku. Kumbe wiki zote hizi ananipangia! Kumbe ule ukimya ulikuwa wa mtu anayeficha zawadi! Na mimi nilivyomsema, nilivyomwaga sumu kwenye kurasa hizi! Ningezichana kama zisingekuwa na habari za fungate upande wa nyuma.

Alipoingia nyumbani nilimrukia shingoni kabla hajavua viatu. "Ruwan amenipigia! Umelichukua! Ewe mtu wangu, umelichukua!"

Akasimama tu, mikono hewani kama mtu aliyeshikiwa bunduki. Halafu akanizungushia mikono taratibu. Akasema, "Sawa, mpenzi."

Hakuna mke mwenye furaha kama mimi kutoka hapa mpaka baharini.

Jumamosi, 15 Novemba

Anasafisha banda! Ameitoa pikapu nje juani, anazihamishia zana zake ndani ya pikapu. Amefagia utando wote wa buibui. Nilimletea maji ya limau nikambusu kwenye vumbi.

Jumatano, 19 Novemba

Halali vizuri. Nadhani ni furaha.

Jumamosi, 22 Novemba

Nataka kuandika kwa utulivu.

Merv alikuja kutuletea viazi. Lyle alikuwa amekwenda kununua chakula cha mbwa. Merv akalitazama lile banda tupu, safi kama madhabahu, akatikisa kichwa.

"Maskini mwanangu," akasema. "Kwa neno moja."

"Neno gani?"

Uso wake ukabadilika. Akaanza kusifia viazi.

"Merv. Neno gani?"

"Yule kijana alimpigia kumuuliza amshikie gari. Lyle akamwambia, 'Ndiyo, hapana, usijali.' Basi yule kijana wa watu, mgeni, akasikia ndiyo." Akajikuna sikio. "Nilimwambia apige simu arekebishe. Akasema ulishamkumbatia."

Nilikaa juu ya gunia la viazi.

Lyle aliporudi nilimuuliza mlangoni. "Ulisema hapana?"

Akamtazama baba yake, baba yake akaitazama miti. "Ndiyo," akasema.

"Ndiyo ulisema hapana, au ndiyo hapana?"

"Kirra, nilisema hapana."

"Ukaniacha nikakushukuru. Siku zote hizi nakushukuru. Nimekubusu kwenye vumbi, Lyle!"

"Ulikuwa umefurahi."

"Nilifurahi nikidhani wewe umenipa! Kumbe nimepewa na Ruwan!"

Merv alisema anaona ni bora aende. Hakuna aliyemzuia.

Jumatatu, 24 Novemba

Hatuzungumzi. Tofauti na kawaida ni kwamba sasa hata mimi sizungumzi.

Jumanne, 25 Novemba

Mbwa amelala juu ya mfarishi wa viraka alionishonea Nan Dot kwa ajili ya harusi, wenye vipande vya magauni ya wanawake wote wa kwetu. Una matope mpaka kwenye gauni la ubatizo la mama. Nimeupeleka kwa dobi. Lyle alisema, "Samahani." Nikamwambia, "Ndiyo, hapana." Nilitaka aone ladha yake.

Alhamisi, 27 Novemba

Siku ndefu. Nitajaribu kuipanga.

Asubuhi pikapu ilikataa kuwaka. Jana alipokuwa akipanga zana humo aliacha mlango wazi usiku kucha, betri ikafa. Nikampeleka kazini na Korola bila neno. Jioni nilipita kwa dobi, nikauchukua mfarishi ukiwa ndani ya nailoni, nikaulaza kiti cha nyuma, nikaenda kumchukua.

Tulipotoka karakana anga upande wa magharibi lilikuwa la kijani. Kila mtu hapa anaijua rangi ile: mvua ya mawe. Mara moja barabara nzima ikaanza kwenda mbio. Tulipofika sheli kubwa, chini ya paa lake magari yalikuwa yamebanana kama vifaranga chini ya kuku, hata mlango usingefunguka. Kwenye uwanja wa duka la pembeni watu walikuwa wakitandaza juu ya magari chochote walichonacho: mazulia, magodoro ya mbwa, mapazia. Mwanamume mmoja alikuwa akikifunga kioo chake kwa kanzu ya kuogea.

Niliegesha hapohapo. Jiwe la kwanza likapiga boneti, paa!

Lyle akageuka akautazama mfarishi kule nyuma. Kisha akanitazama mimi. Hakuuliza.

"Uchukue," nikasema.

"Ni wa Nan."

"Na gari ni la Nan! Toka!"

Tukatoka. Tuliuvuta juu ya kioo cha mbele, yeye upande wake, mimi wangu, tukabana pembe zake kwenye milango kama kila mtu anavyofanya, tukajifungia. Ndani giza la buluu, mwanga ukipita kwenye magauni ya mama zangu. Halafu mawe yakaja hasa. Kelele yake huwezi kuiandika. Tulikuwa kama ndani ya ngoma.

Nilidhani nitalia. Nikasikia sauti, nikadhani ni redio.

"Nilikuwa nataka kukwambia," Lyle alikuwa anasema, anapiga kelele ili nisikie. "Si kwamba sikutaka kukununulia. Niliogopa!"

"Uliogopa nini?"

"Kwamba litakuja, tutapanda, na mimi nitakuwa mimi!"

"Unasemaje?"

"Kule Tasmania niliongea. Sijui ilikuwaje. Nilijisikia mtu mwingine. Tukarudi, nikaona unanitazama kila tukiwa kwenye pikapu, unamsubiri yule wa Tasmania. Na hakuja. Siku ile Toowoomba nilijaribu, Kirra! Njia nzima nilikuwa natafuta la kusema! Nikapata breki! Nikajua, gari likija na yule asipokuja, utakuwa umebaki na gari tu na mtu wa 'mm'."

Akaendelea. Akasema kuhusu mama yake, na kuhusu ile sahani aliyoikausha, na kwamba nilipomkumbatia akiwa na viatu miguuni alitaka kuniambia ukweli lakini hakuna mtu aliyewahi kumfurahia hivyo. Alizungumza kuliko siku yoyote niliyomjua, huku kioo cha nyuma kikipasuka, vipande vya barafu vikiruka mpaka kwenye viatu vyetu.

Nami nilikuwa nimeshika usukani kwa mikono yote miwili, kama vile gari linatembea. Nikaitazama mikono yangu. Nikamtazama yeye, amekaa kiti cha abiria, mikono mitupu mapajani.

"Lyle," nikasema. "Leseni yako."

"Ipo mfukoni."

"Tasmania haikuwepo. Niliendesha mimi. Siku zote niliendesha mimi!"

Hakuelewa. Kisha nikaona anaelewa. Alifungua mdomo, akaufunga, akaanza kucheka.

"Baba," alisema. "Alinifundisha kuendesha shambani, miguu yangu haijafikia pedali vizuri. Kila nikifungua mdomo, alinipiga kofia kwa nyuma. 'Macho mbele, mdomo funga!' Paa! Mpaka leo nikishika usukani, shingo inakaza."

Mwezi na zaidi nahangaika na ngozi na rangi na Ujerumani yote! Nilitaka kumpiga na kitu, ila kitu pekee kilichokuwa karibu ni yeye, basi nikambusu.

Ijumaa, 28 Novemba

Korola imebonyea kila mahali isipokuwa palipokuwa na mfarishi. Pikapu, iliyotolewa bandani ili kumpisha mgeni asiyekuja, haina kioo hata kimoja. Banda lenyewe ni zima kabisa, halikuwa na kitu ndani. Mfarishi umechanika sehemu mbili. Nan Dot amesema kwenye simu: "Afadhali, sasa umetumika."

Nikampigia Ruwan. "Kuhusu lile jekundu," nikasema, "ndiyo, hapana."

"Vizuri, dada! Njooni saa nne."

"Ruwan, ngoja. Hapa kwetu sikiliza neno la mwisho. Ndiyo, hapana, ni hapana."

Halafu akasema polepole, "Dada, sasa naelewa kwa nini mwezi huu nina wateja wengi ambao hawatokei."

Merv naye amepiga. Toowoomba halikuanguka hata jiwe moja. Ana hasira kama mtu aliyeibiwa.

Jumapili, 30 Novemba

Merv alikuja kwetu kwa miguu. Gari lake nalo halina kioo, kwa hiyo tukaenda kanisani wote kwa Korola, nailoni ikipigapiga pale palipokuwa na kioo cha nyuma. Lyle alikwenda upande wa dereva kwa mazoea. Nikamnyoshea kiganja. Akaweka funguo.

Merv alikaa nyuma. Sijui mara ya mwisho alikaa nyuma lini. Alikuwa ameshika mpini wa juu kama tunapaa.

Hatujafika kona, Lyle akaanza: mizinga ya nyuki, aiweke wapi, maua ya ile miti ya nyuma yanafaa, jinsi malkia anavyochaguliwa. Mkono ukatoka nyuma. Paa! Kofia ya mume wangu ikaangukia magotini.

"Macho mbele, mdomo funga!"

"Siendeshi, Baba."

Kwenye kioo nilimwona Merv akiutazama ule mkono wake, kisha barabara, kisha ng'ombe wa majirani, kina Zabel, kama hajawahi kuwaona.

"Joyce," akasema baadaye kidogo, "alitaka gari la bluu."

Lyle akageuka kabisa kwenye kiti chake. "Gari gani la bluu?"

Basi Merv akaanza kutusimulia. Nililiona kanisa likija, nikaona watu mlangoni wakitupungia, nikalipita.